Hereni, simiti na ngozi isiyosahau

Mwanamke wa Umoja au Kariobangi akivaa hereni za bei rahisi na ndewe za masikio zikaanza kuwasha na kutoa maji, jibu la kwanza atakalopewa ni kwamba ngozi yake ni ya kuchagua: avae dhahabu au asivae kabisa. Fundi wa mjengo kule Pipeline akipasuka vidole na viganja vikakauka kama gome la mti, wenzake watamwambia simiti imemkataa, atafute kazi nyingine. Majibu yote mawili hutolewa kwa nia njema, na yote mawili humtafutia kosa mwenye ngozi. Hereni haiulizwi imetengenezwa kwa nini, wala mfuko wa simiti hauulizwi umebeba nini. Ninavyoona, yale tuliyojifunza kuhusu kinga ya mwili katika miaka 30 iliyopita yanatupeleka kwingine kabisa. Mwili wa binadamu una breki za kuuzuia usipigane na metali. Breki hizo hukatika kwa sababu zinazojulikana, na zikishakatika hakuna daktari anayejua kuzirudisha zikawa kama zilivyokuwa. Basi jukumu la kulinda ngozi za watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ni la wanaotengeneza, wanaoingiza na wanaokagua bidhaa, na linapaswa kutimizwa kabla mnunuzi hajatoa pesa mfukoni.

Tuangalie kwanza kinachotokea chini ya hereni. Metali zinazoongoza kwa kusumbua ngozi ni nikeli, kobalti na kromiamu. Jasho lina chumvi, na chumvi huila metali polepole hadi chembe za nikeli zikayeyuka na kupenya ngozini. Chembe hiyo ni ndogo mno kuweza kutambuliwa na kinga ya mwili ikiwa peke yake, ila hujibandika kwenye protini za mwili wenyewe, na protini iliyobandikwa nikeli huonekana kama mgeni aliyeazima nguo za mwenyeji. Katika tabaka la juu la ngozi kuna seli zenye matawi, zilizogunduliwa mwaka 1868 na Paul Langerhans alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin; yeye alidhani ni sehemu ya mishipa ya fahamu. Leo tunajua kwamba seli hizo na jamaa zake hufanya kazi ya tarishi. Hubeba kile kigeni hadi kwenye tezi za limfu, zile ziitwazo mitoki zikivimba, na huko hukionyesha kwa seli nyeupe za damu ziitwazo seli T. Zile chache zinazokitambua huzaliana zikawa jeshi, na baadhi hurudi ngozini zikapiga kambi kwa miaka. Kuanzia hapo, nikeli ikigusa tena, ngozi huvimba na kuwasha baada ya saa 24 hadi 72.

Kuchelewa huku ndiko kunakowapoteza wengi. Hereni zilizovaliwa harusini Jumamosi huanza kuwasha Jumatatu, na mwenye masikio anamlaumu samaki aliyekula Jumapili. Kijana mwenye baka jeusi, gumu, lenye mikwaruzo chini ya kitovu hununua dawa ya choa mwezi baada ya mwezi, ilhali baka lenyewe limekaa palepale ambapo kifungo cha jeans au kishikizo cha mshipi hugusa tumbo. Kuna kosa jingine linalohusu rangi. Vitabu vingi vya tiba vimeeleza ukurutu kama wekundu, na wekundu huo hauonekani hivyo katika ngozi nyeusi. Kwetu huja kama kijivu, zambarau iliyokolea au weusi uliozidi, ngozi ikiwa nene na yenye magamba, na doa hubaki miezi baada ya mwasho kuisha.

Kuhusu wazo kwamba damu ya mtu fulani haipatani na vitu fulani, jibu la kisayansi lilipatikana zamani. Karl Landsteiner, aliyegundua makundi ya damu, alichapisha na mwenzake Merrill Chase mwaka 1942 majaribio waliyoyafanya kwa simbilisi. Walionyesha kwamba mzio wa ngozi wa aina hii unaweza kuhamishwa kutoka mnyama mmoja hadi mwingine kwa kuhamisha seli nyeupe, na kwamba maji ya damu peke yake hayauhamishi. Mzio huu ni elimu iliyo ndani ya seli. Kilichofundishwa kina mahali kilipofundishwa na siku kilipofundishwa, na huwezi kumlaumu mtu kwa kuzaliwa nacho.

Swali lenye uzito zaidi ni kwa nini watu wengi hawaumwi. Nikeli iko kwenye funguo, zipu, vijiko, na kwa viwango vidogo hata kwenye maharagwe, chai na kakao. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba wasio na mzio wana seli zisizoitambua nikeli. Watafiti wa Roma waliochapisha kazi yao mwaka 2003 walionyesha picha nyingine. Walichukua damu ya watu wasio na mzio, wakaondoa humo kundi dogo la seli T ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake, kisha wakazikutanisha zilizobaki na nikeli. Seli hizo zikaanza kuijibu nikeli. Maana yake ni kwamba hata katika mwili uliotulia wapo askari wanaoijua nikeli na walio tayari kuishambulia, ila wameshikwa mkono. Kwa watu wenye mzio, seli za kutuliza zilionekana dhaifu au zisizofanya kazi hiyo ipasavyo. Seli hizi za kudhibiti ndizo alizozitambulisha Shimon Sakaguchi wa Japani mwaka 1995, na Oktoba 2025 alituzwa Nobeli ya tiba kwa kazi hiyo pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani.

Hili la Roma ninalitilia mkazo kwa sababu linavunja ule mgawanyo wetu wa watu wenye ngozi ngumu na watu wenye ngozi laini. Fundi anayejisifu kwamba amekoroga simiti miaka 20 bila kuwashwa, na kijana aliyeacha kazi baada ya miaka miwili, huenda wote wana seli zinazoitambua kromiamu; wanachotofautiana ni uimara wa breki na mara ngapi breki hizo zimejaribiwa. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2010 uliongeza jambo la kushangaza. Nikeli hujishika moja kwa moja kwenye kipokezi kimoja cha seli za kinga ambacho kazi yake ya kawaida ni kugundua bakteria, na kupiga king'ora kana kwamba mwili umevamiwa. Kipokezi cha panya hakina umbo linaloishika nikeli namna hiyo. Cha binadamu kinalo. Uwezekano wa kuwashwa na nikeli basi umo katika umbile letu sote, wa Buruburu na wa Karen.

Breki hukatika lini? Ushahidi unaonyesha kwamba metali ileile huweza kupokewa kwa utulivu au kwa vita kutegemea mlango iliopitia na hali ya mlango huo. Mwaka 1946 Chase alionyesha kwamba simbilisi waliolishwa kemikali kabla ya kupakwa ngozini hawakupata mzio wa kemikali hiyo kama wenzao. Mwaka 1991 watafiti wa Ulaya walichapisha matokeo yanayofanana na hayo kwa binadamu: waliofungwa nyaya za kunyoosha meno kabla ya kutoboa masikio walikuwa na mzio wa nikeli mara chache kuliko waliotoboa kwanza. Nikeli iliyoanzia kinywani na tumboni ilifundisha seli kutulia. Nikeli iliyoanzia kwenye kidonda ilizifundisha kupigana, kwa kuwa kidonda chenyewe ni king'ora: seli zimeumia, bakteria wameingia, na chochote kinachokutwa hapo huandikwa kuwa adui.

Sasa fikiria tunavyowatoboa watoto wa kike masikio. Mtoto hupelekwa saluni au kwenye kibanda cha sokoni, bunduki ya kutobolea inabanwa mara moja kila upande, na kipini kinaachwa ndani ya kidonda kibichi kwa wiki kadhaa kikiloweshwa na jasho, usaha na mafuta. Ikiwa kipini hicho kinatoa nikeli, hakuna namna bora zaidi ya kuufundisha mwili uhasama. Njia ya nyanya zetu ilikuwa sindano na uzi, kisha kijiti cha ufagio cha kuzuia tundu lisizibe. Siitetei kwa usafi wake, maana sindano isiyochemshwa ina hatari zake kubwa. Lakini uzi na kijiti havina nikeli, na kwa jambo hili moja mtoto aliyetobolewa uani alikuwa salama kuliko anayetobolewa leo chini ya taa za saluni. Katika nchi za Ulaya ambako jambo hili limehesabiwa, mwanamke mmoja hivi kati ya kumi, au zaidi ya hapo, ana mzio wa nikeli, na wanaume ni wachache mno kuliko hapo. Tofauti hiyo inafuata masikio yaliyotobolewa.

Kwa wanaume wa Eastlands mlango mkubwa ni simiti. Kutoka Kayole hadi Utawala ghorofa zinaota kila mwezi, na kila ghorofa hupita mikononi mwa watu. Malighafi ya simiti huchomwa kwenye tanuru lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na kromiamu kidogo iliyomo kwenye mawe, udongo na matofali ya tanuru hugeuka humo kuwa ile ya aina ya sita, inayoyeyuka kwa maji na kupenya ngozi kwa urahisi. Simiti mbichi ina ukali wa magadi makali, kipimo chake cha pH kikiwa 12 hadi 13. Kwa hiyo huchoma na kuchubua kwanza, kisha huingiza kromiamu kwenye mchubuko uleule. Mtazame hendimani anayebeba karai: rojo humwagika begani, huingia gamubuti kwa juu na kukaa humo hadi jioni. Fundi wa plasta hupangusa ukuta kwa kiganja. Saa kumi na moja wote hunawa kwenye pipa lilelile walilooshea vifaa, maji yakiwa ya kijivu. Kromiamu na mchubuko, kila siku, kwa miaka. Mtu wa namna hii hajakataliwa na simiti. Ngozi yake imefundishwa kwa bidii.

Denmark iliona hili mapema. Ilitunga kanuni mwaka 1983 kwamba simiti isizidi miligramu 2 za kromiamu hiyo inayoyeyuka kwa kila kilo, na viwanda vikawa vinachanganya chumvi ya feri, yaani salfeti ya chuma, ambayo huigeuza kromiamu ya aina ya sita kuwa ya aina ya tatu isiyopenya kwa urahisi. Mzio wa kromiamu ulipungua sana miongoni mwa wafanyakazi wa simiti. Januari 2005 Umoja wa Ulaya wote ukafuata kipimo hichohicho. Kwa nikeli pia Denmark ilitangulia, mwaka 1990, ikaweka kikomo cha kiasi cha nikeli kinachoruhusiwa kutoka kwenye kitu kinachogusa ngozi: maikrogramu 0.5 kwa sentimita mraba kwa wiki. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake mwaka 1994. Wasichana wa Denmark waliotoboa masikio baada ya kanuni hizo wakakutwa na mzio mchache kuliko waliotoboa kabla. Damu ya Wadenishi haikubadilika ndani ya miaka kumi. Kilichobadilika ni vipini.

Wapo watakaosema kwamba katika mitaa yenye kifua kikuu, kipindupindu na maji ya mgao, kuwashwa ni anasa. Naielewa hoja hiyo, na ningeikubali kama mwasho ungeishia kwenye mwasho. Lakini mkono ndio mtaji wa mtu wa mjengo. Viganja vikipasuka hadi damu, hashiki chepe, na asiposhika chepe hakuna anayemwita langoni asubuhi. Mzio wa kromiamu una sifa mbaya ya kukaa: ukurutu huweza kuendelea miaka mingi hata baada ya mtu kuacha simiti, kwa sababu zile seli zenye kumbukumbu hazijahama na kromiamu humfuata hata kwenye ngozi iliyotengenezwa kiwandani kwa chumvi za kromiamu, kama vile viatu na mikanda. Hapa ndipo hoja ya pili, ya kwamba watu wavae glavu na mambo yaishe, inapopwaya. Glavu ni muhimu, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Lakini glavu za ngozi huweza kumwasha zaidi aliyekwisha kupata mzio wa kromiamu, na glavu yoyote iliyoingiwa na rojo huligandamiza kwenye mkono mchana kutwa. Tena kibarua aliyechukuliwa asubuhi na kulipwa jioni hana barua ya kazi atakayomwonyesha mkaguzi. Kinga inayotegemea uadilifu wa kila foromani katika kila ploti ni kinga yenye matundu. Salfeti iliyochanganywa kiwandani humfikia hata asiye na glavu.

Je, krimu? Krimu za steroidi hutuliza, na mgonjwa aliyeandikiwa na daktari azitumie. Zinamwaga maji juu ya moto, makaa yakabaki. Hatari yake ni pale mtu anaponunua ile kali dukani bila ushauri na kuipaka kwa miezi, ngozi ikawa nyembamba, na metali ikapata njia rahisi zaidi ya kupita. Wengine watauliza, kama nikeli ya kinywani huufundisha mwili utulivu, mbona tusiwalishe watoto wetu nikeli? Hili halifai. Utulivu huo ulionekana kwa waliokutana na nikeli kinywani kabla ya kidonda. Kwa aliyekwisha kupata mzio mkali, kumeza nikeli nyingi kunaweza kuamsha ukurutu mwili mzima. Wala si sababu ya kukimbia githeri. Wengi wenye mzio wa nikeli hula maharagwe bila taabu.

Hoja ngumu zaidi ni ya bei. Hereni za rejareja ni riziki ya maelfu ya wachuuzi wa Gikomba, Mutindwa na Eastleigh, na nyumba za kupanga zinajengwa kwa pesa za kuhesabiwa. Sitaki mchuuzi anyang'anywe kapu lake na askari wa kaunti kwa jina la afya. Yeye hajui kilichomo kwenye bidhaa kama mteja wake asivyojua. Kikomo kiwekwe bandarini na kiwandani, mahali ambapo mzigo ni mmoja na mwenye mzigo anajulikana. Gharama nayo si ya kutisha. Salfeti ya chuma ni jamaa wa karibu wa vidonge vya kuongeza damu ambavyo wajawazito hupewa kliniki, na viwanda vingine huizalisha kama mabaki. Ina udhaifu mmoja wa kuzingatiwa: huchoka ikikaa, hasa mfuko ukipata unyevu. Ndiyo maana sheria ya Ulaya inataka mfuko uandikwe tarehe ya kupakiwa na muda ambao dawa hiyo bado ina nguvu. Fundi wa Kayole anastahili kusoma tarehe hiyo kama anavyoisoma kwenye pakiti ya maziwa.

Ninachokidai basi ni vitu vichache. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, liweke wazi kwa umma kikomo cha kromiamu inayoyeyuka katika kila mfuko wa simiti na cha nikeli inayotoka kwenye hereni, saa na vishikizo, na litangaze matokeo ya vipimo vyake. Wakaguzi wa usalama kazini wahesabu mikono iliyopasuka kama wanavyohesabu walioanguka kutoka jukwaani. Kipimo cha viraka, ambacho Josef Jadassohn alikieleza tangu 1895, kiwe karibu na watu, katika hospitali kama Mama Lucy Kibaki: viraka vyenye kiasi kidogo cha chumvi za metali hubandikwa mgongoni siku mbili, kisha mgongo husomwa, na usomwe na mtu aliyefunzwa kuangalia uvimbe na ugumu wa ngozi nyeusi badala ya kungojea wekundu.

Cha mwisho kinaweza kuanza hata kesho, nacho ni cha wanaotoboa masikio. Kuna kimiminika kiitwacho dimethilglioksimu ambacho, kikichanganywa na amonia na kutiwa kwenye pamba, huonyesha nikeli kwa macho. Unasugua kipini kwa nusu dakika. Pamba ikibaki nyeupe, endelea. Ikigeuka waridi, kipini hicho kisiingizwe sikioni mwa mtoto.